Mume Wangu Aliunganisha Bila Kulinganisha, Lawama Nikabebeshwa Mimi

Dada huyu ametuandikia kutoka upande wa Ruiru na ameomba asijulikane. Majina tumeyabadilisha. Msomeni kwa utu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nakaa Mugutha. Nina mtoto mmoja, Njeri, na mume ambaye sitamtaja kwa sababu Thika anakofanyia kazi ni mji mdogo. Sisi wawili tunaandika programu za kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyotukutanisha chuoni, na mwanzoni nilijiona mwenye bahati kuliko wenzangu wote. Siku hizi nimechoka. Nimechoka mpaka uchovu wenyewe nimeuzoea.

Mteja wetu mkubwa ni kliniki moja ya watoto kule Thika. Tumewaandikia programu ya kadi za wagonjwa, nesi akiingiza jina la mtoto kadi yake inatokea kwenye kompyuta. Baba Njeri hushinda huko kliniki, mimi nafanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto. Kwa hivyo programu ni moja lakini ina matawi mawili, lake na langu. Kila mtu anarekebisha tawi lake, ikifika Jumamosi napeleka disketi yangu tunayaunganisha. Ninyi msiojua kazi hii, fikirieni wapishi wawili wanaotia chumvi mchuzi mmoja na hakuna anayemwambia mwenzake.

Ndiyo maana tulikuwa na sheria. Kabla ya kuunganisha unaiambia kompyuta ilinganishe matawi mstari kwa mstari. Mahali ambapo sote wawili tumegusa, inasimama na kuuliza kazi ya nani ibaki. Hapo tulikuwa tunaketi na chai yetu, tunaongea, tunakubaliana. Zilikuwa Jumamosi nzuri, siwezi kudanganya.

Mwaka huu Baba Njeri akaanza kuiona sheria hiyo kama matusi. "Kwani mtu na bibi yake hukaguana?" akaniuliza. "Nikileta unga hapa nyumbani, wewe huupima?"

Nikamwambia, "Baba Njeri, sikukagui wewe. Nakagua kazi."

Alinuna wiki nzima. Tangu siku hiyo akawa anachukua disketi yangu na kuunganisha peke yake huko Thika. Kompyuta ikiuliza ya nani ibaki, anabonyeza yake, yake, yake, mpaka inyamaze. Si mara moja nimekuta kazi yangu imemezwa yote, nikaiandika upya na mtoto akiwa mgongoni. Nililalamika mpaka nikajichosha mwenyewe.

Sasa sikieni. Wale manesi waliniomba kitu cha maana sana. Kuna watoto ambao sindano ya penisilini huwadhuru, wakataka kadi ya mtoto kama huyo iwe nyekundu yote. Niliandika, nikajaribu, ikafanya vizuri. Nikawaambia kuanzia Jumatatu waangalie rangi. Sikujua kwamba wiki hiyo hiyo Baba Njeri alikuwa akibadilisha kadi ile ile ili ichapike kwenye karatasi ndogo. Jumamosi akaunganisha. Mistari yetu ikagongana, kompyuta ikauliza, naye akabonyeza yake.

Jumatatu akaletwa mtoto wa kiume wa miaka minne kutoka Mwihoko, mmoja wa watoto hao. Nesi akatazama kadi, haikuwa nyekundu, akamdunga penisilini. Mtoto akavimba uso na koo, pumzi ikakatika. Namshukuru Mungu daktari alikuwa karibu, wakamrudishia pumzi.

Nesi alinipigia simu kwa duka la jirani. "Mama Njeri, si ulituambia itakuwa nyekundu? Mimi niliangalia. Haki ya Mungu niliangalia!" Alikuwa analia. Mimi nilikaa chini pale pale dukani, kwa gunia la viazi.

Baba Njeri alipofika nyumbani nililinganisha matawi mbele yake. Kwenye ile aliyounganisha, onyo langu la rangi nyekundu halikuwepo kabisa. Akasema, "Jumamosi watu walikuwa wamejaa kliniki, daktari amesimama nyuma yangu. Nilifikiri mistari yako ni ile ya kupanga majina tu." Nikamuuliza daktari ameambiwa nini. Akasema amemwambia kwamba mimi nilisahau kuandika hilo onyo.

"Wewe uko nyumbani, hakuna mtu anakuona," akaniambia. "Mimi jina langu likiharibika, tutakula nini?"

Jumapili mama mkwe akaja, naye amekwisha kuelezwa. "Mama Njeri, mwanaume akianguka, bibi humfunika. Hata mimi nilimfunika baba yao."

"Na huyo mtoto wa wenyewe, Maitu?" nikamuuliza mama mkwe.

"Si alipona?"

Nikaenda kuosha vyombo.

Mwisho wa mwezi daktari mwenye kliniki ametuita, na mama wa yule mtoto atakuwepo. Nikisema ukweli, mume wangu atafukuzwa, na sijui kama mimi nitabaki na nyumba. Nikijitwika kosa, nitakuwa mama mzembe aliyekaribia kuua mtoto. Hilo ningelibeba, nimeshabeba mengi. Jana nilimwambia hivyo. Nilimwambia nitakubali mbele yao wote kwamba ni mimi, sharti moja tu, tusiunganishe tena kabla hatujalinganisha tukiwa wawili.

Aliniangalia kwa huruma kabisa, kama mtu aliyeumizwa. "Yaani mpaka leo huniamini?" Sharti langu hakulikubali.

Ndugu zangu, hasira sina tena, nina usingizi tu ambao hauji. Wenye ndoa na wasio na ndoa, niambieni. Yule mama akinitazama machoni na kuniuliza kama mtoto wake yuko salama akirudi pale, nimjibu nini?