Barafu ya Protini, Soda za Wageni

Saa nne asubuhi, maabarani, Bi Barafu, kama wanavyomwita, anatumbukiza kidole kwenye ndoo yake ya barafu na kukuta maji vuguvugu. Vichupa vyake vya protini vinaelea. Ametoka mara moja kufuata dawa chumba cha pili, na barafu yote imechotwa.

"Nani kagusa ndoo yangu?" anafoka.

Ni meneja wa utawala. Wageni wamefika, soda zina joto, mashine ya barafu ni tupu. "Ni barafu tu, mama," anasema. "Si itagandishwa nyingine?"

Barafu tu! Jamani! Fundi huyu wa maabara, kazini miaka kumi na tisa, anahema kama aliyepanda ngazi mbio.

"Ndani ya seli kuna protini zilizoshikana daima," anamweleza mwandishi wa habari hii, akisugua meza isiyo na uchafu. "Zitikise utakavyo, haziachiani. Nyingine hushikana zikipata amri tu. Insulini ikifika, zinakamatana. Kazi ikiisha, kila moja na njia yake. Hizo lazima uzipoze papo hapo. Zikipata joto zinaachiana, umezikosa."

Seli hizo amezilea wiki tatu, Jumapili zikiwemo. Mdogo wake ana kisukari. Anajidunga insulini kila siku, na mwili hausikii. Maabara inatafuta sababu, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuzinasa protini mbili zikiwa zimekamatana.

Anavipima vichupa hivyo hivyo, na jioni majibu yanatoka. Zile za kudumu zipo, zimejaa tele. Mahali pa zile mbili ni peupe.

"Si mnaona zipo?" meneja anasema, roho imemtulia. "Hizo mbili andikeni hazishikani, ripoti iende."

Mtafiti, kijana anayeongoza kazi hiyo, anajikuna kichwa. "Mama, mfadhili anaitaka Ijumaa."

"Na akasirike!" Bi Barafu anadakia. "Nani kaona kwamba hazishikani? Tulichoona ni kwamba meneja alikuwa na wageni! Tukiandika uongo huo, nani atahangaika kuzitafuta tena? Mdogo wangu aendelee kujidunga bure?"

Kijana anamtazama meneja, kisha anamtazama Bi Barafu. "Tunaanza upya," anasema. "Mfadhili nitampigia mimi."

Bi Barafu anamwaga vichupa, kisha anatoa seli nyingine kwenye friza.

"Wiki tatu tena," anasema. "Safari hii nitazikuta zimeshikana. Na wageni wakija siku hiyo, wapewe chai."