Siku Furaha Alipofikia Kilo Zangu

Harufu ya glavu za ndondi haina ndugu. Ni ngozi iliyolowa jasho la watu wengi, ikakauka nusu, ikalowa tena, na juu yake dawa ya kuchua inayowasha pua. Mwaka jana ilinifikia nikiwa dukani kwetu Naguru, nimeinamia gunia la mchele, kabla sijainua macho kumwona aliyeziweka glavu zake juu ya kaunta. Nitawaambia alikuwa nani. Ila msiniharakishe, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na sijawahi kulisimulia mpaka mwisho bila sauti kunibadilika.

Mimi ni wa tatu katika mabinti watano. Wazee wetu walikuja Kampala na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakazika, wakabaki, na Bibi yangu alikilinda Kiswahili cha nyumbani kama alivyozilinda bangili zake. Baba alikuwa na duka la nafaka: mchele, maharage, sukari, na unga wa mahindi ambao hapa kwetu tunauita posho. Hakuwa mkali. Alikuwa tu hana muda wa kututenganisha. Akinihitaji aliita, "Rukia, Salma, aa, wewe," na mimi ndiye niliyekuwa huyo "wewe".

Chini ya kilima, nyuma ya gereji moja, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande alikuwa akifundisha watoto ndondi. Mfuko wa mazoezi ulikuwa gunia lililojazwa matambara, limening'inia kwenye chuma cha kunyanyulia injini. Afande aliamini kwamba hakuna mtu anayekuja kwenye ndondi bure bure, kwa hiyo mgeni yeyote alisimamishwa mbele yake na kuulizwa kabla ya kupewa glavu, "Nani alikosea wewe?" Majibu yalikuwa ya kila aina. Mmoja alitaka kuandikishwa polisi, kwa kuwa alisikia mabondia huko hupendwa. Mwingine alikuwa na baba wa kambo. Yupo aliyemwona bondia akishuka kwenye ndege na miwani myeusi, akataka ndege na miwani, ngumi ataona mbele ya safari.

Zamu yangu ilipofika nilisema hakuna aliyenikosea, nataka tu Baba anione. Sikukusudia kusema hivyo. Lilinitoka. Afande hakucheka, alinipima kwa macho kisha akanitupia glavu.

Nyuma yangu alikuwa Furaha. Familia yake ilikuwa imekimbia vita Kongo, upande wa Bukavu, na mama yake alikuwa akizungusha vitenge mitaani, amevibeba begani. Furaha alikuwa na mabega mapana na mikono ya mtu aliyezoea kubeba maji. Alipoulizwa nani alimkosea akajibu, "Minapenda tu." Afande alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi, akampa glavu bila swali la pili. Jibu lile liliniudhi kidogo. Mimi nilikuwa nimemwaga moyo wangu mbele ya watu, yeye anapenda tu.

Tulikuwa wasichana wawili tu wa umri ule, kwa hiyo urafiki haukuwa na njia ya kutukwepa. Nyumbani kwetu aliyejua ni Bibi peke yake, na ndiye aliyenishonea suruali pana ndefu, akisema kama ni kupigwa basi nipigwe nimejisitiri. Furaha nilimwambia kila kitu: nani alinichukiza, nani nilimwota, jinsi Baba alivyonipita sokoni siku moja akidhani mimi ni mtoto wa jirani. Yeye alisikiliza vizuri sana. Sikugundua kwamba alikuwa hasemi lolote la kwake.

Kila Jumamosi mke wa Afande alileta sufuria ya maharage na chapati, akazikatakata chapati ndani ya maharage, ile tunayoiita kikomando. Sheria ya Afande ilikuwa moja: aliyevaa glavu na kupigana mazoezini anakula, mwenye visingizio anatazama. Mimi visingizio nilikuwa navyo vingi, tumbo, mguu, mafua. Furaha hakuwahi kukosa hata mara moja. Alikula nusu, nusu nyingine akaifunga kwenye karatasi ya gazeti, akasema mdogo wake anapenda chapati. Nami nikamwona dada mwenye mapenzi. Nilipomwalika dukani alikuwa akinisubiri nje, ng'ambo ya mtaro, hata jua likiwa kali. Nilidhani anamwogopa Baba.

Siku moja tuliapa. Tulikuwa tumewaona wavulana wawili marafiki wakipigana mpaka wakanuniana, tukasema sisi haitatokea. Tulijificha nyuma ya tangi la maji, yeye akaapa kwa Biblia, mimi kwa Kurani, ingawa hakuna aliyekuwa na kitabu mkononi: hatutapigana ulingoni, hata tukilazimishwa. Ilikuwa ahadi nyepesi, kwa sababu kwenye ndondi watu hupangwa kwa uzito, na Furaha alinizidi kilo kwa mbali. Mizani ilikuwa upande wetu.

Kisha Afande akatangaza mashindano na klabu nyingine, kwenye ukumbi mmoja upande wa Lubaga. Mimi nilipangiwa msichana wa huko. Wenyeji waliahidi kwamba kila mtoto atakayepanda ulingoni na kupigana kweli atapewa mfuko wenye posho, maharage na sukari. Kwangu mfuko ulikuwa kichekesho, mtoto wa duka la nafaka kupigania nafaka. Zawadi yangu ilikuwa kubwa zaidi. Bibi alikuwa amemweleza Baba, na baada ya siku za kunung'unika Baba akasema atakuja. Duka lile lilifungwa kwa Idi na kwa misiba tu. Sasa lingefungwa kwa ajili yangu.

Wiki zile Furaha alikuwa kimya zaidi. Sketi yake aliifunga kwa kamba kiunoni. Nilimwambia anapendeza, sasa ana kiuno, aniambie siri yake na mimi niijue. Alicheka.

Siku yenyewe Baba alikaa mstari wa mbele na kofia yake nyeupe, miguu pamoja, kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nilimwona akinitafuta kwa macho kati ya watoto, na aliponipata akainamisha kichwa kidogo kunisalimu. Naapa ningeweza kumwangusha mtu mzima wakati ule. Ndipo ikaja habari kwamba yule msichana wa Lubaga anaumwa, hakuja. Mpinzani wa Furaha naye alikuwa amekataliwa, maana Furaha alipopanda mizani alionekana mwepesi mno kwa daraja lake la uzito.

Afande akaniita na mimi nipande. Mshale ukasimama palepale uliposimama kwa Furaha.

Nilicheka. Nilifikiri mizani mbovu. Lakini Afande alimshika Furaha bega, akapaza sauti mpaka nyuma ya ukumbi wakasikia. "Muone huyu. Amekata kiro yeye mwenyewe, bira kuambiwa. Hii ndiyo bondia ya kweri." Watu wakapiga makofi. Kisha akatugeukia, kwa sauti ya chini, akasema basi tutapigana sisi wawili.

Nilimwambia Furaha, "Sema hutaki."

Alikuwa anatazama miguu yake juu ya bati la mizani. "Nitapigana, Zuhura," akasema.

Sijui kama mmewahi kuhisi kitu kikikatika ndani yenu mkiwa mmesimama wima. Nilimwelewa Afande, yeye alitaka pambano. Lakini Furaha alikuwa amejinyima chakula, siku baada ya siku, akikaa karibu yangu na kusikiliza siri zangu, ili ashuke kilo moja moja mpaka anifikie. Na alichagua siku ambayo Baba amekuja. Hivyo ndivyo nilivyohesabu mambo, na hesabu ilikubali.

Raundi ya kwanza sikurusha ngumi. Nilimzunguka tu nikisubiri akumbuke tangi la maji. Mwamuzi alitusimamisha, akasema tukiendelea kucheza atatushusha sote na hakuna atakayepata kitu. Furaha akaja. Ngumi yake ilinikuta puani, ya pili mdomoni, na nikaonja ile ladha ya chuma ambayo Afande alikuwa ametuambia tutaizoea. Sikuizoea. Nilimsikia Baba akisimama, kiti chake kikaanguka.

Raundi ya pili ndiyo iliyonikaa rohoni. Furaha hakunipiga tena sana. Kila nilipomkaribia alinikumbatia, mikono yote miwili mgongoni kwangu, kidevu chake begani mwangu, na alikuwa anatetemeka. Nilimwona mnafiki asiye na mfano. Ananivunja pua mbele ya baba yangu kisha ananikumbatia. Nikamsukuma kwa nguvu zangu zote, naye akarudi mpaka kwenye kamba. Kengele ilipolia walimpa yeye ushindi.

Baba alinifuta damu kwa kofia yake, ile nyeupe ya Ijumaa. Hakunigombeza. Njiani aliniambia jambo moja tu, kwamba sitarudi kule, na nyumbani akamwomba Bibi asilizungumzie tena. Ajabu ni kwamba tangu siku ile hakuwahi kulikosea jina langu. "Zuhura," aliita, moja kwa moja, mpaka alipofariki. Nilikuwa nimepata nilichokwenda kukitafuta, na kila nilipokisikia pua iliniuma.

Mfuko wangu wa zawadi ulikaa jikoni, nyuma ya mlango. Hakuna aliyeuhitaji. Ukaingia wadudu, Mama akawatupia kuku.

Furaha alikuja mara moja tu, akasimama ng'ambo ya mtaro kama kawaida yake. Nilimwona kupitia dirisha na sikutoka. Baadaye nikasikia wamehama. Nilikua, nikaolewa, nikarithi duka, na nikawa mtu asiyemwambia rafiki yeyote habari zake zote. Wenzangu huniita msiri. Mimi najua nilikojifunza.

Sasa mnajua ni nani aliyeziweka zile glavu juu ya kaunta. Mabega yalikuwa yamerudi. Aliingia ndani, mara ya kwanza katika maisha yake, akasalimia kama mteja, akaagiza maharage na posho ya kutosha watoto wengi. Ana klabu ya wasichana huko Ntinda, katika ua wa nyumba ya mtu. Nikamwuliza kama na yeye huwalisha kwa sheria ya Afande. "Hapana," akasema. "Kwangu banakula kwanza. Njo banavaa glavu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kupimia. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia maneno makali, nikayasema mbele ya kioo, na sasa likatoka lile moja tu la kitoto. "Uliapa," nikamwambia. "Kisha ukajinyima chakula ili unipige."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Halafu akanieleza, taratibu, huku akichezea kamba za glavu. Mama yake alikuwa ameugua tangu mwanzo wa muhula ule, vitenge vimekwisha, na nyumbani kwao hapakuwa na cha kujinyima. Alikuwa akija kwenye ndondi kwa sababu ya sufuria ya Jumamosi, tangu siku ya kwanza. Ule mfuko wa Lubaga waliula muda mrefu. Na Afande alijua yote. Alipaza sauti vile, habari za kukata kilo, ili ukumbi mzima usione njaa iliyokuwa imesimama juu ya mizani.

Basi Afande alimsitiri Furaha kwa uongo ule, na mimi ndiye niliyeulipia. Sikatai kwamba alifanya wema. Lakini hakunikonyeza hata jicho, wala siku za baadaye hakutuma mtu aje kuniambia.

"Baba yangu alikuwa na duka zima," nikamwambia Furaha. "Hili hapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniletea," akasema. "Kila siku ungeniletea. Batu ba kutuletea tulikuwa nabo. Rafiki nilikuwa na weye tu."

Nilikasirika upya, na sioni haya kuwaambia hivyo. Aliniamulia. Nilimpa kila kilichokuwa moyoni mwangu, naye hakuniamini hata kwa tumbo lake mwenyewe. Huko nako ni kusalitiwa, hata kama aliyekusaliti alikuwa na njaa. Nikamimina maharage kwenye mizani, na ili nisilie nikauliza swali la mwisho, lile la raundi ya pili. Kama alikuwa amekuja kuupata mfuko, na mfuko ameshaupata, kwa nini alikuwa akinikumbatia?

"Nilikuwa naanguka," Furaha akasema.

Mshale wa mizani ulikuwa umefika. Nikaongeza kikombe kimoja juu, kisha cha pili, na mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye cha tatu. Furaha akaunyoosha wake kuvuka kaunta, akaushika wangu.

"Zuhura," akasema. "Pima tu sawa."

Nikavirudisha guniani, kimoja kimoja, naye akinitazama mpaka mshale ukatulia.