Akka Sivagamie na Chumvi ya Siku ya Mafuriko

Dada yangu Sivagamie Mottian hajawahi kuonja chakula alichopika hekaluni, hata kwa ncha ya ulimi. Kwetu chakula kinakwenda kwanza mbele ya Mama Mariamman, mungu wetu wa kike, kinawekwa juu ya jani la mgomba, kafuri inawashwa, ndipo binadamu wanakula. Mpishi akionja kabla, amemlisha Mama makombo. Sasa wewe mwenye akili utauliza, chumvi anaijuaje? Kwa pua. Akka, yaani dada mkubwa, na ndivyo mtaa mzima hapa Tongaat, Afrika Kusini, unavyomwita, hata waliomzidi umri, alikuwa anainama juu ya sufuria, anavuta mvuke mara moja, anasema "bado kidogo," anaongeza konzi ya chumvi, basi. Hakosei. Mimi ndiye mchochea moto wake tangu nilipoachana na shule darasa la sita, kwa sababu mwalimu hakupenda mtu anayejua kuliko yeye, na nasema bila haya kwamba nusu ya sifa za Akka ni moto wangu.

Wenye shule zao hawajamwandika, kwa hiyo naandika mimi. Wazee wetu waliletwa hapa kutoka India kukata miwa. Walijenga hekalu, halafu kando yake wakajenga shule, tofali kwa tofali, jioni baada ya kazi, maana serikali ya wakati ule haikuwa na habari na watoto wao. Leo watoto wengi wa shule hiyo wanazungumza Kizulu nyumbani, na hakuna anayewauliza wanasali wapi. Kukiwa na msiba kwa Wamethodisti, masufuria yanatoka hekaluni kwetu, na Akka anafuatana nayo. Mgomo kiwandani, Akka yuko getini na upawa. Ukiwauliza wakubwa wa mji ni nani amelisha bonde hili miaka yote, watakutajia jina la diwani.

Kisha mto ukapanda.

Ulichukua nyumba zote za bondeni, za mabati na za tofali, haukubagua. Walionusurika wakajaa katika ukumbi wa ile shule, wamelowa, wengine wakiita majina ya watu ambao hawakuitika. Daraja lilikuwa limekwenda. Mabomba ya maji yalikuwa yamekatika. Hekaluni tulibakiwa na mchele wa kujaza masufuria mawili makubwa ya shughuli, na pipa moja la maji ya kunywa. Baada ya hapo, hakuna. Watu wale hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana yake.

Akka akafunga kilemba chake cha kazi. "Dorasamy, washa."

"Kuni zimelowa, Akka."

"Na mdomo wako mbona hauloi? Pulizia nao."

Nikawasha. Mwingine yeyote angeshindwa.

Tukakaanga vitunguu, viazi, dengu na viungo vya biriani. Mwenyekiti wetu wa hekalu, Loganathan, kijana muuza bima asiyejua hata kumenya kitunguu, alikuwa anazunguka na simu isiyo na mtandao. Akka alikuwa ameshika bakuli la chumvi wakati wanaume wanne walipoingia getini na mlango wa nyumba uliong'olewa, wameubeba kama machela. Juu yake palikuwa na mtu amefunikwa blanketi, na kutoka kwenye blanketi ilining'inia miguu midogo. Watu uwanjani wakawapisha. Akka akajifunika uso kwa pindo la sari. Walipopita, akarudi kwenye moto, akachota chumvi, akatia sufuria zote mbili. Tukapanga wali juu, tukafunika, tukaziba mifuniko kwa unga uliokandwa, tukaweka makaa juu.

Hapo ndipo nikamwona analikodolea macho bakuli la chumvi.

"Nini?"

"Dorasamy, kabla ya ile maiti, nilikuwa nimeshatia chumvi au bado?"

Nikacheka. "Si unuse? Kutwa unatutambia na hiyo pua."

Hakucheka. Akaniangalia kama mtu anayezama. "Pua imekufa," akasema. "Tangu ule ugonjwa wa mapafu wa wakati wa barakoa. Sisikii hata harufu ya kafuri ikiwaka. Napika kwa mazoea ya mkono tu."

Kumbe muda wote huo alikuwa anainama juu ya mvuke kwa ajili yetu. Nikageukia kuni zangu, nikazisukuma bila sababu.

Aliyekuwa amekaa karibu na moto akijikausha ni MaNtshangase, mama wa Kizulu aliyeshona nguo pamoja na Akka katika kiwanda kimoja zaidi ya miaka ishirini. Nyumba yake ilikuwa imekwenda na mto, na vyote vya ndani. Yeye Kitamil chetu anakielewa, alijifunza kwenye cherehani.

"Onja," akasema.

"Siwezi."

"Basi mwonjeshe huyu mdogo wako mwenye maneno."

"Naye hawezi. Hakijafika kwa Mama."

"Watoto mle ndani wanatafuna kola za mashati yao, Sivagamie."

Akka akainuka. Akafagia makaa, akabandua unga kwa kisu, mvuke ukaruka. Akachota upawa mmoja, akampa MaNtshangase. Loganathan akaja mbio.

"Akka, hapana. Chakula cha Mama kianzie mdomoni mwa mtu? Wazee watasema nini?"

"Mama tangu juzi yuko pakavu na maua yake," Akka akamjibu, macho hayabanduki kwa rafiki yake. "Sijamsikia akilalamika njaa. Nenda kamwulize, ukirudi na jibu utanikuta hapahapa."

MaNtshangase akatia mdomoni. Akajikaza ameze, ikashindikana, akageuka akatema.

"Bahari," akasema.

Sufuria la pili lilikuwa vilevile. Akka alikaa chini kwenye tope na sari yake. Hakulia. Alikuwa anaangalia mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto, kama ya mtu mwingine. Loganathan akaanza kusema tukazike chakula, tuombe radhi, na ni wapi tutapata mchele mwingine. Ndani ya ukumbi walikuwa wameshapanga foleni. Harufu ilikuwa imewafikia.

"Kule ukumbini kuna magunia ya unga wa mahindi," MaNtshangase akasema. "Tuliokoa unga, hatukuokoa sufuria. Tupike phutu, ule ugali wetu wa chenga kavukavu, bila chumvi, tuchanganye. Huo wali wenu utakuwa kitoweo."

"Kwa maji gani?" Loganathan akauliza.

Tukaligeukia lile pipa wote pamoja. Ndiyo maji ya kunywa ya ukumbi mzima, na mengine hayapo. Nilitamani mtu mwingine aseme, mimi Dorasamy ambaye huwa nasema kabla sijaulizwa.

"Ukipika, watakula na watakuwa na kiu," nikamwambia Akka. "Wali huo utawakausha koo."

"Nisipopika?"

"Watakuwa na njaa na maji."

Akka akainuka. "Mtoto mwenye njaa halali. Mimina."

Tukasonga phutu katika karai la kuchanganyia saruji, tulilolisugua kwa majivu. MaNtshangase alisonga, Akka akamwaga wali juu, nami nikageuza kwa sepetu safi, maana upawa haukutosha. Loganathan alivua viatu vyake vya ngozi akabeba ndoo, na sikumtania, nilijizuia kwa nguvu zote. Hakuna aliyewasha kafuri. Watu wakala kwa mikono, kwa majani, kwa vifuniko vya mikebe. Hakuna aliyesifu. Walikula kama watu wanaofanya kazi ngumu, hadi karai likabaki jeupe.

Haukupita muda wakaanza. Kwanza mtoto mmoja: maji. Kisha wa pili. Kisha ukumbi mzima, watoto na wazee, sauti moja inayochakaa. Akka alisimama mlangoni akawa anapokea kila sauti usoni. Mimi nilikwenda kulipiga teke lile pipa, likalia tupu.

Halafu mvua ikarudi juu ya mabati. Akina mama wakavuta watoto karibu, maana kila mmoja alikuwa anasikiliza mto kule chini. Na mto ulikuwa unanguruma, ukipanda tena.

Akka peke yake ndiye aliyetoka. Akashika mkono mmoja wa sufuria kubwa, akaliburuza uwanjani, likawa linakwaruza saruji. Halikwenda mbali, lilikuwa zito. MaNtshangase akamtazama kidogo, kisha akatoka, akashika mkono wa pili. Wakalisuuza kwa mvua yenyewe, wakalimwaga, wakaliacha wazi. Nasi tukaburuza la pili. Maji yakaanza kupiga chini ya chuma.

Lilipofika kiasi, Akka akachota kikombe cha bati akamnyooshea mwenzake kwanza. MaNtshangase akakishika, hakunywa.

"Ni haya haya yaliyochukua nyumba yangu," akasema.

"Najua," Akka akasema. "Kunywa, kuna foleni."

Akanywa.