Ishirini Nukta Mbili Juu ya Ishirini

Mlango wa karakana ya Hamimu, kule Buterere, karibu na yanapoanzia mashamba ya mpunga, ni wa chuma kizito kilichopakwa rangi nyeusi. Aliupaka mwenyewe miaka kumi na mitano iliyopita ili apate pahali pa kuchorea vipimo. Ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya Kigobe na Gihosha, mitaa ya wenye pesa, yalizaliwa mbele ya mlango huo, na nyuma ya mageti hayo kuna nyua ambazo hajawahi kuzikanyaga. Anapima, anachora, anakata, anachomelea; mwenye geti anakuja na gari kulichukua. Chaki haitoki mfukoni mwake hata siku ya Ijumaa, na Zubeda, mkewe, amechoka kumkung'utia kanzu.

Lakini wanafunzi hawamjui kwa mageti. Wanamjua kwa pointi.

Katika shule ya uuguzi wanakosoma vijana wengi wa mtaa huo, kila kitu hutolewa juu ya ishirini, ila uzito haulingani. Majaribio ya darasani huzidishwa mara mbili. Staji, yaani zile wiki za kufanya kazi hospitalini chini ya macho ya wauguzi, huzidishwa mara tatu. Mtihani wa mwisho huzidishwa mara tano. Vyote vikijumlishwa vinafika mia mbili, na anayetaka kupita mwaka lazima awe na mia moja na ishirini. Mtihani unapokaribia, vijana huja na karatasi zilizokunjwakunjwa, husimama mbele ya mlango mweusi na kuuliza swali moja tu:

"Muzee Hamimu, mutihani unanidai ngapi?"

Yeye huweka chini kinyago cha kuchomelea, huwaambia wengine wageuze nyuso, kwa kuwa pointi za mtu ni siri yake, kisha huandika. Anazidisha, anajumlisha, anatoa kwenye mia na ishirini, anagawa kwa tano. Namba ikitoka anaisema mara moja, na anafuta kwa kiganja.

"Kumi na saba?" Joëlla aliwahi kumlalamikia. "Muzee, haiwezi kupungua kidogo?"

"Hizi ni ndizi, tupatane bei? Kumi na saba. Nenda usome."

"Mama angenipa hata kumi na tano."

"Basi mutihani akusahihishie mama."

Walicheka, na Joëlla akaenda kusoma. Kwa hilo walimwamini. Hamimu hakuwahi kumtilia mtu sukari. Alipokuwa na miaka kumi na sita yeye mwenyewe aliukosa mtihani wa kuendelea na shule kwa pointi moja na nusu, kwa sababu alimwaga nguvu zake zote kwenye somo lenye uzito mdogo, na hakuwepo mtu wa kumwambia. Wiki iliyofuata baba yake alimpa kinyago cha kuchomelea. Amekivaa hadi leo, na ana miaka hamsini na miwili.

Mwaka huu maji yalipanda tena. Yaliingia Buterere usiku mmoja, na kulipokucha magodoro yalikuwa yanaelea kama mikate iliyolowa. Lubna, binti mkubwa wa Hamimu, alikuwa katikati ya staji. Blauzi yake nyeupe ya kazi ya hospitali ilipatikana chini ya kabati, imekunywa matope, na hata ilipofuliwa mara sita ilibaki na rangi ya chai. Hospitalini hawapokei blauzi ya rangi ya chai. Ilipopatikana nyingine, wiki tatu zilikuwa zimekwisha, na kila siku aliyokosa iliandikwa sifuri. Alipewa tatu juu ya ishirini. Jovithe, kijana wa jirani anayesoma naye darasa moja, alipata mbili.

Lubna alikuwa ameshakariri mwaka huo wa masomo mara moja. Shule hairuhusu mara ya pili. Akikosa, anatoka.

Jovithe alitangulia kuja. Hamimu aliandika: majaribio sita, mara mbili, kumi na mbili; staji mbili, mara tatu, sita. Jumla kumi na nane. Akatoa, akagawa.

"Ishirini nukta nne," alisema.

Jovithe alisubiri, kana kwamba namba ilikuwa haijamalizika kutoka. "Lakini mutihani ni juu ya ishirini."

"Ndiyo maana nakwambia. Hata ukiandika kama malaika, haufiki. Usijiue na madaftari. Kesho asubuhi nenda kwa mukuu wa masomo, mwambie maji yaliwaingilia, omba urudie staji kabla ya mutihani. Wanapokea maombi mpaka Ijumaa. Nenda na mama yako asaini."

Jovithe alishukuru, akaondoka akikokota kandambili zake. Hamimu alifuta mlango.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado halijazama, Lubna alikuja na karatasi yake. Alikuwa ameivika plastiki, kama watu wanavyofunika cheti cha ndoa.

"Na mi, Baba."

Majaribio tano, mara mbili, kumi. Staji tatu, mara tatu, tisa. Kumi na tisa. Mia moja na moja ya kutafuta, kugawa kwa tano. Mkono wa Hamimu uliandika ishirini, ukaweka nukta, ukaandika mbili. Binti alikuwa amegeuza uso kuelekea mpungani, kama kila mwanafunzi anayeijua desturi ya pale, na kisogo chake kilikuwa kile alichokuwa nacho akiwa na miaka minne, chembamba, chenye shimo dogo katikati. Hamimu alikitazama kwa muda mrefu kuliko hesabu ilivyohitaji. Kisha akafuta namba kwa kiganja kabla haijasomwa na mtu.

"Kumi na sita," alisema.

Lubna aligeuka. "Kumi na sita tu?"

"Kumi na sita."

"Wallahi?"

"We umewahi kuniona nakosea?"

Hakuapa. Usiku ule, akiwa amelala, alijiambia mambo mengi. Walimu hukaa pamoja mwisho wa mwaka kupitisha matokeo, na watu wote wanajua kwamba hapo mwanafunzi anaweza kusukumwa kidogo avuke. Wakimwona msichana wa mafuriko amepata kumi na sita kwenye mtihani mgumu, mioyo yao itaona haya. Na ukimwambia mtoto aliyekwisha kuanguka mara moja kwamba hata ukamilifu haumtoshi, unamwacha na nini mkononi? Alijiambia hivyo mpaka ikawa kama kweli. Ila alijua. Alikuwa ameshindwa kuutazama uso wa binti yake ukisubiri namba imalizike kutoka, kama wa Jovithe.

Siku ya Alhamisi Lubna alirudi kutoka shuleni akiwa na swali.

"Baba, Jovithe ameomba kurudia staji. Mama yake amesaini. Anasema na mi niombe."

Mlango wa kutoka ulikuwa bado wazi, siku moja nzima. Zubeda alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi, akisikiliza. Ingetosha Hamimu aseme, nilikosea hesabu. Lakini katika miaka kumi na mitano hakuwahi kukosea hesabu, na mtaa mzima ulijua.

"Pointi za Jovithe ni za Jovithe," alisema. "We una kumi na sita zako. Kurudia staji utapoteza wiki tatu za kusoma."

"Sawa, Baba."

Zubeda alirudi jikoni. Ijumaa ikapita.

Lubna alisoma kama mtu anayechimba kisima. Alisoma huku akipepeta mchele, akasoma barazani, akabandika majina ya dawa kwenye ukuta uliobaki na mstari wa maji. Kwenye kona ya kila karatasi aliandika 16. Hamimu aliiona namba hiyo juu ya mtungi, kwenye kioo, ndani ya Qur'ani ndogo kama alamisho. Mara mbili alikaribia kumwambia. Mara zote mbili alikumbuka kwamba Ijumaa imekwisha, na kwamba sasa ukweli haukuwa na kazi ila kumuumiza.

Alipata kumi na saba.

Lubna aliitoa habari ile kwa simu kabla hajafika nyumbani, na Zubeda alitoka nje akawaambia majirani, na Hamimu alikaa karakanani amevaa kinyago ingawa hapakuwa na moto. Matokeo kamili yalitoka siku nne baadaye. Walimu walikuwa wamesukuma wale waliokosa pointi mbili au tatu. Waliokosa kumi na sita kati ya mia moja na ishirini hawakuzungumziwa hata kidogo. Jina la Lubna lilikuwa chini ya mstari, kwenye orodha ya wanaotoka. Jovithe alikuwa juu ya mstari: alirudia staji akapata kumi na tatu, na kwenye mtihani kumi na nne. Pointi moja zaidi ya inayotakiwa.

Lubna hakupitia nyumbani. Alifika karakanani mchana, mafundi wawili wakiwa wanakula ugali na dagaa kwenye kivuli cha geti lisilomalizika. Alinyoosha mkono, na Hamimu, bila kuelewa, akampa chaki.

Aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa duara. Kumi. Tisa. Kumi na tisa. Mia moja na moja. Akagawa kwa tano, akachora mstari chini ya jibu.

"Jovithe ulimwambia ngapi?" aliuliza.

"Ishirini nukta nne."

"Na ukamwambia aende."

"Ndiyo."

"Siku ileile niliyokuja mi?"

"Siku ileile."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha anwani. Kisha akaandika hesabu ya pili pembeni, ile ambayo baba yake alikuwa akiikimbia kwa siku nne. Staji ya kumi na tatu, kama ya Jovithe, mara tatu: thelathini na tisa. Majaribio yake: kumi. Mtihani wake wa kumi na saba, mara tano: themanini na tano. Mia moja thelathini na nne.

"Ningepita," alisema. "Na kumi na nne za kubaki."

"Lubna, mi niliogopa..."

"Hukuapa," alisema. "Nilisikia kwamba hukuapa. Nikafikiri umechoka."

Mmoja wa mafundi aliacha kutafuna. Lubna aliweka chaki juu ya mkono wa geti, akaenda nyumbani, akaanza kubandua majina ya dawa ukutani. Karatasi hazikutoka zote; zilizonata zilibaki vipandevipande, nusu ya neno hapa, 16 pale.

Hesabu ile ilibaki mlangoni, wiki baada ya wiki. Hamimu hakuifuta. Mafundi walianza kuchorea vipimo vya mageti sakafuni.

Mitihani ilipokaribia tena, Joëlla alikuja na karatasi yake. Karakana ilikuwa imechomwa na jua, na Lubna alikuwa amekaa karibu na mlango akichambua maharage kwenye ungo, kwa kuwa kazi ya nyumbani ndiyo iliyobaki. Hamimu alitafuta nafasi kwenye kona ya chini ya mlango, akapiga magoti, akaandika. Alizidisha. Alijumlisha mara ya pili, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Kumi na mbili nukta sita," alisema.

Joëlla hakuondoka. Aliinama, akaisoma namba, kisha akamtazama Lubna.

Na Hamimu naye, akiwa bado amepiga magoti, chaki mkononi, aligeuka akamtazama binti yake, akangoja.

Lubna aliitazama hesabu kutoka pale alipokaa. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Ni kweli," alimwambia Joëlla.

Hakumtazama baba yake.