Wimbo Uliokatika Katikati

Shangazi yangu aliusikiliza wimbo hadi mwisho, akanirudishia simu na kusema, "Siyo wenyewe."

Nilikuwa nimetoka Maili Moja, ambako nina saluni na simu yangu ndiyo inayowaimbia wateja kutwa, mpaka kwake Msimbu, ili nimtoe wasiwasi. Mjukuu wake alikuwa mwali ndani, siku ya kumtoa inakaribia, na shangazi alikuwa ameshatangaza kwamba bila ule wimbo wa taarabu waliocheza yeye na mama nilipotolewa mimi, hachezi na wala hatoki chumbani. Mwali kutolewa bila bibi yake kumtangulia ni aibu ambayo wanawake wa kwetu wangeisema mpaka mwali mwenyewe apate wajukuu. Mama alishafariki. Wa kuucheza alibaki yeye tu.

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejiona anajua, kwamba nalipia kila mwezi na nyimbo zote za dunia zimo humo. Mwimbaji yule yule, maneno yale yale, hata vinanda. Akatikisa kichwa. Wa kwenye simu, alisema, unakwenda moja kwa moja, na wa kwao haukuwa hivyo. Nikaona uzee umeanza kumtania. Nilikasirika pia, maana nilikuwa nimefunga saluni siku ya wateja.

Lakini mkubwa habishiwi. Tukafungua sanduku la mama, ambalo shangazi alikuwa amelitunza mvunguni mwa kitanda chake, tukaikuta kanda ndani ya kipande cha kanga. Ilikuwa ya kununua dukani, ila vile vitundu viwili vinavyozuia kanda isirekodiwe juu yake, mama alikuwa ameviziba kwa karatasi ili aweke mawaidha ya redioni. Utepe ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kuzungusha kalamu. Redio kaseti ya shangazi niliipeleka kwa fundi Kisarawe mjini, akabadilisha mpira mmoja huku akinicheka kwamba bado kuna watu wa kaseti. Nami nikacheka naye.

Siku ya siku, wanawake walijaa uani tangu asubuhi. Mwali alitolewa amefunikwa kanga gubigubi, ameinama, kama nilivyoinamishwa mimi siku yangu. Ndiyo maana sikuwahi kuona wale wawili walivyocheza, na kwa vigelegele vya siku ile hata wimbo sikuusikia vizuri. Nikawasha kanda. Shangazi akaingia uwanjani polepole, mkono mmoja kiunoni, na upande wake wa kulia akaacha nafasi ya mtu.

Katikati ya ubeti wa pili, wimbo ukakatika. Nikaruka kuifuata redio, nikidhani utepe umemezwa. Shangazi akanizuia kwa kiganja. Alikuwa amesimama pale pale, mkono juu, na wanawake wote wa rika lake wamesimama vile vile. Walikuwa wanajua. Kisha kwenye redio ikatoka sauti ya mama, na kuku nyuma yake.

"Wifi, redio imekataa. Nisubiri hapo hapo, nakuja tucheze."

Kumbe zamani hizo alibonyeza kitufe chekundu cha kurekodi bila kujua, akaukata wimbo wake mwenyewe, na tangu hapo pengo lile likawa sehemu ya mchezo wao. Tangu tumzike sikuwa nimeisikia sauti ile. Picha zake ninazo, lakini sauti sikuwa nayo hata moja, katika simu yenye nyimbo zote za dunia. Niliumia, na nilifurahi kuliko nilivyoumia.

Shangazi hakugeuka. Alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemjibu mtu aliyeko jikoni.

"Nakusubiri, wifi."

Wimbo ukarudi, akaucheza mpaka mwisho.