Kidole cha Redio

Mjomba wangu mdogo tunamwita Redio kwa sababu hana breki ya mdomo. Ukitaka jambo lifike mtaa wa pili kabla chai haijapoa, mnong'oneze yeye. Ujauzito wangu wa kwanza aliutangaza foleni ya bombani, mume wangu mwenyewe akiwa hajaambiwa. Nilikasirika siku nzima, kisha nikacheka, maana Redio hamwagi mtama kwa ubaya. Anafurahi tu, na furaha yake haikai ndani.

Alizaliwa mzito wa kuelewa. Shule ilimshinda mapema, lakini kazi haikumshinda. Anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka yanayotoka kwenye pasi kubwa. Shuka hukunjwa na watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, pembe kwa pembe, kisha mnakutana katikati. Redio hakubali pembe ipishane hata kidogo. Mwenzake akifanya haraka, humwambia, "Rudi, tuanze upya," na wanaanza upya. Watu wa kule wanamnunia asubuhi, na jioni wanagombania kukaa naye.

Uchaguzi uliopita wenzake wote walikuja kazini na wino kidoleni. Yeye peke yake kidole kilikuwa cheupe, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kufikiria kumwandikisha. Jioni alirudi na kidole cheusi tii. Alikuwa amekichovya kwenye wino wa kuwekea alama mashuka. Mama yangu, ambaye ni dada yake na ndiye aliyemlea, alimsugua kwa sabuni huku watu wakivunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimwona anavyokitazama kidole chake kinavyorudi kuwa cheupe, roho ikaniuma.

Safari hii nilimpeleka mwenyewe kujiandikisha. Karani alimuuliza jina, umri na kazi. Alijibu vyote bila kukwama, akaongeza kwamba dada yake anavaa nywele za bandia. Tukapewa kadi.

Basi Mjomba Mkubwa aliposikia, alikuja mbiombio. Huyu ndiye kifungua mimba wa nyumba ile, mwalimu mkuu mstaafu, na hadi leo akiingia sebuleni unatamani kusimama.

"Kura si pipi," aliniambia. "Anayepiga anaamua na maisha ya wengine. Lazima ajue anapima nini. Huyu atanunuliwa kwa soda."

"Na wewe, Mjomba, hiyo fulana ya kampeni unayolimia bustani ulipewa na nani?"

"Usinivunjie heshima!"

"Sikuvunjii, nauliza tu. Maji yakikatika hospitali, nani anarudishwa nyumbani bila kazi, wewe au yeye? Kama mtihani ndio sharti, basi tufanye wote. Nikiwapa wateja wangu saluni mtihani huo, atabaki nani?"

Sitamsingizia, hakuwa na roho mbaya. Alimpenda mdogo wake na aliogopa watu watamcheka. Ila alikuwa na dawa yake tayari: "Haya, aende. Lakini mimi nitaingia naye, nimshike mkono."

Redio alikuwa mlangoni, anasikiliza. "Kaka, utanishika mkono upi? Mmoja nauhitaji."

Siku ya kura alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Tulipanga foleni wote wanne: yeye mbele, Mjomba Mkubwa nyuma yake, kisha Mama, kisha mimi. Msimamizi wa kituo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimpa karatasi na kumwelekeza: "Weka alama kwa unayemtaka, kunja, tumbukiza. Ni siri yako, baba."

Akaingia kibandani. Tukangoja. Nyuma watu wakaanza kuguna. Mmoja akauliza kama kuna mtu amelala humo. Miguu yake ilionekana chini ya pazia, imetulia. Nilijiambia, wakimtoa leo bila kupiga, hatajaribu tena, na kidole kile nitakiona cheupe mpaka nizeeke.

Mjomba Mkubwa hakuvumilia. "Ameshindwa. Mniruhusu nikamsaidie."

"Msaidizi anachaguliwa na mpiga kura mwenyewe, mzee," msimamizi akasema, kisha akapaza sauti kidogo. "Baba, unahitaji mtu wa kukusaidia?"

"Shuka ndilo nahitaji mtu," Redio akajibu kutoka ndani. "Hii nakunja mwenyewe."

Akatoka. Karatasi ilikuwa imekunjwa pembe kwa pembe, imebanwa kwa kiganja mpaka ikanyooka kama imepigwa pasi. Kumbe alama aliweka zamani, alikuwa anakunja. Akaitumbukiza, akatoa kidole kwa wino, akasimama akikitazama. Mimi machozi yalinitoka mbele za watu na wala sikujificha.

Nyumbani Mama alipika chai. Mjomba Mkubwa akamsogelea mdogo wake, akicheka kwa sauti ya mtu mwenye hakika. "Haya, Redio, tupe habari. Umempa nani?"

Tukatulia kusubiri matangazo.

"Siri," akasema Redio.

"Siri kwa watu wa nje. Sisi ndugu zako."

"Yule mama kasema siri. Hakusema isipokuwa kaka."

Alibembelezwa. Aliongezewa sukari. Nilimwona midomo inamcheza, habari imemjaa mpaka kooni, lakini aliibana kwa kiganja, vilevile alivyoibana ile karatasi. Katika umri wake wote sikuwahi kumwona na kitu ambacho ni chake peke yake. Hata nguo alichaguliwa.

Mjomba Mkubwa akageuka kwa Mama. "Mfundishe huyu. Wewe mbona hunifichi?"

Hilo lilikuwa kweli. Tangu niwe na akili, kila uchaguzi Mama alimuuliza, "Kaka, safari hii tunampa nani?" Akaambiwa, akaenda, akampa huyohuyo. Akili za Mama zilikuwa timamu, kadi yake haikuwahi kuhojiwa na mtu.

Mama aliweka kikombe chini taratibu. Alimtazama Redio, akakitazama kidole chake mwenyewe chenye wino.

"Safari hii, Kaka," alisema, "na ya kwangu ni siri."

Mjomba Mkubwa akaomba sukari.

Kesho yake Redio aliwatangazia wote chumba cha kufulia kwamba dada yake ana siri. Ya kwake yeye hajaitaja mpaka leo.