Anayeshika Mtambo Hachezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kwa sababu ya kiuno. Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzi tu, nimeajiriwa ofisi ya habari ya mkoa hapa Mtwara, kusaidia kwenye gari la matangazo, Landrova yenye spika mbili za honi juu ya paa. Tulikwenda Shangani kutangaza chanjo ya watoto. Kabla ya tangazo tulipiga muziki kwanza ili watu watoke nje, na muziki ulipoanza, mwenzenu nikaanza kuyumba. Ngoma imo damuni, nifanyeje? Fundi Mkuu, bosi wangu kwenye gari lile, akazima mtambo palepale, mtaa mzima ukanigeukia.

"Binti," akasema, "anayeshika mtambo hachezi. Ukicheza unasikia raha yako. Kazi yako ni kusikia ya kwao."

Alikuwa mtu wa Iringa, mrefu, mpole hata akikemea, na suruali yake haikukosa mkunjo wa pasi hata kwenye vumbi la Tandahimba. Nilimnunia wiki nzima. Baadaye nikawa namfuata kila anapokwenda, maana kila alichogusa kililia vizuri, na mimi nilitaka kujua kwa nini.

Yeye ndiye aliyenifundisha mluzi. Vijana mnaujua, ule ukelele unaowafanya watu wazibe masikio katikati ya hotuba. Maiki ikisikia sauti yake yenyewe ikitoka kwenye spika, huirudisha kwenye amplifaya, spika huitoa tena kubwa zaidi, maiki huisikia tena, na mzunguko huo haukomi mpaka mtu apunguze. Wengi sauti isiposikika hukimbilia kuongeza. Fundi Mkuu alikuwa akinipiga kidogo kwenye kidole nikielekea kuongeza. Aliniambia maneno ambayo nimeyatumia maisha yangu yote: "Sauti haisukumwi. Inapishwa." Maana yake, kama mwimbaji hasikiki, tazama kwanza nani kamzibia njia.

Nikahamishiwa Newala. Kule juu baridi na ukungu, asubuhi maiki unaifuta kama miwani. Afisa Habari wa Wilaya alikuwa bwana mnene mwenye mapenzi na maiki, anaishika mdomoni kama anakula muhindi wa kuchoma, na kila "p" yake ilikuwa bomu. Nikamvalisha maiki kipande cha sponji nilichokata kwenye godoro langu. Akaniita mchawi, akafurahi, akazidi kuhutubia. Kutoka hapo nikapelekwa Masasi, na huko ndiko nilikompata dereva wa gari letu, Baba Zuhura, ambaye mpaka leo anasema alinioa ili apate mtu wa kumwashia jenereta. Mwongo huyo. Jenereta amewasha yeye siku zote.

Magari ya matangazo yalipopoteza kazi, tukarudi Mtwara, tukaanza na spika mbili zetu wenyewe. Harusi, maulidi, mahafali, mikutano ya wakulima wa korosho, hata mazishi. Binti yetu Zuhura alijifunza kutembea kwa kushikilia stendi za maiki. Alipokua akaenda kusomea sauti Dar es Salaam, akarudi na miksa ya kisasa, ile meza ya vitufe inayopokea maiki zote na kugawa kila sauti kiasi chake. Mimi nikabaki mwenye kauli. Miksa ilikuwa yake, kiti kilikuwa changu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ni tamasha la ngoma la Madimba, kwenye uwanja wa mpira, baada ya korosho kwisha watu wakiwa na nafasi. Tulikuwa familia nzima: Baba Zuhura kwenye jenereta, mimi na Zuhura kwenye miksa, tumekaa tukitazama uwanja. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia kwamba ile ndiyo kazi yangu ya mwisho, masikio yamechoka. Lakini kilichonitoa jasho siku ile hakikuwa hicho. Kilikuwa Shangazi Esha.

Shangazi Esha, dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa sauti ya kina mama wa Madimba. Zamani akianzisha wimbo, walioko mashambani waliweka majembe chini. Kisha akaumwa kifua muda mrefu, akanyamaza miaka. Wajukuu zake walikuwa hawajawahi kumsikia akiimba hata mara moja, wakadhani wazee tunawatilia chumvi. Mwaka huu akasema ataimba wimbo mmoja, na hatarudia tena. Alinishika mkono asubuhi ile, mkono mwepesi kama kuti kavu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, wanisikie." Nikamwahidi. Nikaahidi kwa mdomo mpana, kama kawaida yangu.

Shangazi hashiki maiki. Mwimbaji wetu hupiga makofi na hutembea ndani ya duara, mikono yake ina kazi. Zuhura akambania maiki ndogo kwenye khanga, kifuani. Tukapima sauti. Shangazi akasikika mpaka kwenye magoli, nikajiona nimemaliza.

Kumbe tulikuwa tumekosea kosa la mtu wa mjini, sisi wenyewe wa hapahapa. Tulipima ngoma zikiwa baridi. Ngoma zetu, na hasa vile vidogo vya sauti kali tunavyoviita vinganga, vinavyochomekwa ardhini, hupashwa moto wa nyasi kavu kabla ya mchezo ili ngozi ikaze. Tuliharakishwa kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani, tukapima kabla moto haujawashwa. Zilipotoka motoni, lo! Kinganga kimoja kililia kama vitatu. Uwanja ukalipuka kwa furaha, vumbi likapanda, watoto wakaruka, na katikati yake Shangazi Esha akafungua mdomo.

Hakusikika. Niliona midomo yake ikicheza, nikaona makofi yake, lakini sauti ilikuwa imezama yote. Maiki ya kifuani ilisikia ngoma kuliko ilivyomsikia yeye. Zuhura akaipandisha kidogo, mluzi ukachomoza, akaishusha. Akazima maiki zote za ngoma. Haikusaidia kitu, vinganga vile havihitaji maiki ya mtu. Nikawaona wajukuu zake mstari wa mbele wakiangaliana, mmoja akacheka kwa kuziba mdomo. Moyo ukaniuma, nasema kweli. Wimbo una beti nne, na bibi alikuwa amekwisha kuuingia wa pili.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha Shangazi. Kuongeza! Baada ya miaka yote hiyo!

"Mama, mkono," Zuhura akasema. Hakuniangalia hata. Akavua hedifoni, akaniwekea mapajani. "Kaa hapa. Usiguse kitu."

Kisha akaondoka. Fundi kuacha miksa katikati ya wimbo! Nikamwona anapita kati ya watu, anazunguka duara, anapiga goti nyuma ya Mzee Nandonde, mkuu wa wapigaji, anamwambia neno sikioni. Nikajua anachoomba, nikasema leo tumeaibika. Ngoma hurudi motoni zikilegea, hilo ni jambo la kila siku, ila hurudi mojamoja, nyingine zikibaki kushika mchezo. Kuziondoa zote wimbo haujaisha sijawahi kuona tangu nizaliwe. Na Mzee Nandonde si mtu wa kuamrishwa na binti.

Mzee akageuza uso akamtazama Zuhura. Akamtazama Shangazi Esha. Halafu akainua mkono juu, na ngoma zote zikakatika. Wapigaji wakang'oa vinganga vyao ardhini, wakabeba na zile kubwa, wakaelekea kwenye moto kwa mwendo wa heshima kabisa.

Yakabaki makofi ya kina mama. Na juu ya makofi hayo, ubeti wa tatu.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, ina mkwaruzo, lakini ilikuwa ileile. Ilitoka kwenye spika ikatanda uwanja wote, ikafika kwa wauza mihogo, vikaango vikasimama. Wale wajukuu walisimama midomo wazi, na aliyekuwa akicheka alianza kulia, kisha akaitikia kiitikio, na wenzake wakamfuata, wakaimba na bibi yao mpaka ubeti wa nne ukaisha. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu yote miwili nisiguse kitu, machozi yananidondokea kwenye miksa ya watu.

Zuhura aliporudi nikamuuliza amemwambia nini yule mzee.

"Nimemwambia, babu, ngoma zimelegea."

"Zimelegea wapi? Si zilikuwa zinalia kama kengele!"

"Na yeye anajua," Zuhura akasema. "Amenijibu, kweli mjukuu wangu, zimelegea sana."

Nikarudisha macho kwenye vitufe. Tangu aniwekee hedifoni, hakuna hata kimoja kilichosogezwa. Fundi Mkuu wa Iringa angekuwapo angevua kofia. Mimi yale maneno yake, kwamba sauti inapishwa, niliyajua kwa vidole, nikayatafuta kwenye mtambo tu. Huyu ameyapeleka mpaka kwa watu.

Ngoma zikarudi kutoka motoni, zimekaza kupita mwanzo, na sasa hapakuwa na cha kuzizuia. Shangazi Esha, jasho linamtoka, anacheka kama mwali, akaja moja kwa moja mpaka kwenye miksa akanishika mkono. Nikamwambia siwezi, niko kazini. Zuhura akachukua hedifoni mapajani mwangu, akazivaa, akavuta kiti changu nyuma mpaka nikasimama nitake nisitake.

Miaka yote nimechezesha watu. Nikajifunga khanga kiunoni, nikaingia kwenye duara.